Mtumishi wa Gredi ya Tatu

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini mapema, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, nikakuta wanawake watatu wamekaa kwenye vidato nje ya mlango wangu. Viatu walikuwa wamevivua na kuvipanga ukutani. Sijui mtu mwingine angewaza nini. Mimi niliwaza kwamba mume wangu amekufa. Watu wakijaa mlangoni kwako na hukuwaalika, kuna msiba, na wewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Mfuko uliniponyoka na nyanya nilizonunua Kangemi zikaanza kubingirika kushuka ngazi.

"Ni nani?" nikauliza. "Niambieni tu. Ni nani ameenda?"

Jirani wa ghorofa ya tatu, msichana anayefanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Westlands, aliweka kidole mdomoni.

"Pole pole, daktari," akaninong'oneza. Majirani huniita daktari kwa kuwa ninauza dawa, na nimeshachoka kuwasahihisha. "Mtumishi bado anaomba."

Mtumishi ndivyo tunavyowaita wahubiri. Nikauliza ni mtumishi gani huyo aliyeingia nyumbani kwangu bila mimi kujua.

"Si ni msichana wako," akasema.

Nilifungua mlango wangu mwenyewe kwa woga. Sebuleni binti yangu wa miaka minane alikuwa amesimama juu ya kigoda, leso yangu nzuri, ile ya kuendea harusi, ameitupia begani. Mbele yake alikuwa amepiga magoti shosho wa ghorofa ya chini. Shosho ni bibi kwa lugha ya Nairobi, na huyu ni bibi wa jengo zima: mama mtu mzima kutoka magharibi, mnene, mwenye sauti, anayegombana na wenye nyumba na wauza maji bila kupepesa jicho. Mkono wa mwanangu ulikuwa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Macho yao yote yalikuwa yamefumbwa. Kisha mtoto wangu, ambaye juzi tu alilia kwa sababu ya kuchanwa nywele, akasema kwa sauti nzito nisiyoijua: "Pokea!"

"Nimepokea, mtumishi," shosho akajibu kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona akimpa mtu. Akajiinua kwa taabu, akaingiza mkono kifuani, akatoa noti ya hamsini na kuitia ndani ya bakuli langu la sukari.

Nilipigwa na butwaa. Nimesikia watu wakisema hivyo maisha yangu yote, nikidhani ni namna tu ya kusema. Siku hiyo nilisimama mlangoni na nyanya moja mkononi, mdomo wazi, na kwa muda sikuweza kukumbuka jina la mtoto niliyemzaa.

Inabidi nieleze tulifikaje hapo. Ninafanya kazi katika duka la dawa Parklands, mtaa wa mahekalu, misikiti na hospitali, ambako mgonjwa akitoka kwa daktari anatembea hatua chache tu na kutufikia. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, na baba yake ndiye aliyelifungua. Wajukuu wake, shule zikifungwa, husimama nyuma ya kaunta wakipanga pakiti na kufuta vumbi, na hulipwa Jumamosi. Aliyechelewa hukatwa, na babu hana mchezo. Mimi nilikuwa nikiwatazama watoto wale wa matajiri wakipokea vijisenti vyao kwa mikono miwili, nikawaza: kumbe! Na wangu, ambaye mama yake si tajiri, anakaa nyumbani akiomba tu.

Alichokuwa akiomba ni viatu vya magurudumu. Jumapili jioni magari yakiwa machache, watoto wa mtaa wetu wa Mountain View hugeuza maegesho ya jengo kuwa uwanja, wanateleza huku na huku wakipiga kelele. Wangu hakuwa navyo. Rafiki yake mmoja humwazima kiatu cha kushoto, naye anazunguka kwa mguu mmoja, mwingine umevaa ndala. Nilienda mjini kuuliza bei, nikairudisha jozi ile rafuni kama kitu kilichoniunguza. Jioni hiyo nikamwambia anitazame vizuri.

"Unavitaka? Tafuta kazi. Majirani wamejaa hapa. Uliza nani anataka kusaidiwa."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti katika yale majengo marefu ya Westlands, aliweka kijiko chini. "Mtoto wa miaka minane atafanya kazi gani?"

Nikamhesabia. Anaweza kushusha taka hadi getini siku gari la taka linapopita. Anaweza kupiga brashi viatu vya shule vya watoto wa jengo Jumapili jioni. Anaweza kutumwa kwenye kioski cha getini kununua maziwa na mkate. Anaweza kuuza barafu za rangi, nitazitengeneza mimi mwenyewe kwenye friji. Na anaweza kukaa juu kwenye paa na kitabu chake, akilinda nguo kwenye kamba, maana jengo letu nguo huota miguu, na nimewahi kuona sketi yangu mwenyewe ikipita barabarani imevaliwa na mwanamke nisiyemjua. Nikaweka masharti pia, sikuwa mjinga: usiingie nyumba yenye mwanamume peke yake, mlango ukae wazi, usitoke nje ya geti kupita kioski.

Alishika kazi kwa bidii iliyonishangaza. Ile ya nguo ndiyo iliyomfaa zaidi. Alikuwa akipanda na kigoda chake na kofia ya baba yake, na mvua ikianza kunukia alikuwa akipiga kelele kutoka juu, jengo zima linasikia: "Nguooo!" Wanawake wakampenda. Malipo aliyatia kwenye bakuli la sukari lililokuwa limevunjika kifuniko, na mimi nikamwachia. Baada ya muda nikaona noti humo, wala si sarafu tena. Nilifurahi jinsi gani! Nilidhani ni barafu. Nikatamba dukani, nikamwambia mzee kwamba wajukuu zake wamepata mshindani, naye akacheka, akanipa pakiti ya biskuti nimpelekee mfanyabiashara.

Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni, na biashara yenyewe naiona kwa macho.

Niliwatimua wote. Sikuwatimua kwa adabu. Yule wa mapokezi alijaribu kunieleza kwamba ile kazi ya Westlands aliipata baada ya maombi ya mtoto, nikamwambia aliipata kwa sababu anajua kompyuta. Shosho alitoka taratibu, mkono ukutani, akanipa jicho moja lililosema kwamba mimi ni mpagani. Vidato vichache chini nikamwona msimamizi wa jengo akingoja zamu, simu mkononi. Alikuwa na mkeka wake wa kubahatisha mechi za Jumapili, anataka uwekewe mkono. Nilimwangalia tu. Akajifanya anakagua taa ya ngazi.

Nikafunga mlango, nikamkalisha mtoto kwenye kochi.

"Hii ilianza lini?"

"Kwani nimefanya nini, mum? Si ulisema nitafute kazi?"

"Nilisema uombee watu kwa pesa?"

Akanieleza kwa utulivu kabisa, mikono magotini. Alikuwa ameenda kwa shosho kuchukua taka. Shosho akasema goti linamuuma, hawezi kuinama. Mtoto akakumbuka walivyofundishwa Jumapili, akamwekea mkono gotini na kuomba. Asubuhi yake goti likawa nafuu. Shosho akampa hamsini.

"Nilimwambia ni ya bure. Akasema haiwezekani, mtu haombewi mikono mitupu. Akasema hiyo ni mbegu."

Hilo la mbegu shosho hakulizua. Katika kanisa letu, la mabati, chini ya barabara kuu ya Waiyaki, hakuna anayepanda mbele kuombewa bila kitu mkononi. Unaikunja noti, unaiita mbegu, kisha unamuuliza mchungaji neno lako. Yeye anafumba macho, ananyamaza, halafu anakuambia Mungu amesema nini juu yako. Mume wangu huenda mbele. Mimi hubaki kitini, mkono wa birika, lakini mtoto ameona hayo tangu akiwa mgongoni. Shosho alifanya vile ambavyo mtu yeyote wa kanisa letu angefanya, ila mhubiri wake alikuwa na meno ya mbele yaliyong'oka.

"Na unapowaambia watu mambo, unayatoa wapi?"

"Nafunga macho nangoja. Ikikuja kitu, nasema. Isipokuja, namwambia arudi kesho, na sichukui pesa."

"Isipokuja?"

"Kama yule wa mkeka. Amerudi mara mingi, na hakuna kitu inakuja."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Niseme kweli, nilimwogopa. Alikuwa akinitazama kwa macho safi, hana hatia wala ujanja, mfanyakazi anayeeleza masharti ya kazi yake. Nikamuuliza ni mambo gani huwa yanakuja. Akasema mengi. Huyu atapata kazi, huyu asilie, huyu apigie mama yake simu.

"Na shosho? Leo amekuja kwa nini tena?"

"Leo alikuja kushukuru. Ile siku ingine ndiyo aliniuliza kama amepona presha. Nikangoja, ikakuja. Nikamwambia amepona."

Niliinuka kwenye kochi.

Shosho ana presha kali, na ninajua kwa sababu dawa zake nilikuwa nikimletea mimi. Kila mwezi nilikuwa nikizitia mkobani pale Parklands na kugonga mlango wake nikipita, bei ile ile ya duka, sikuongeza hata senti. Halafu akaacha kuagiza. Nilipomuuliza alisema tu, "Asante daktari, kwa sasa niko sawa," na mimi, na hasira zangu za karibu, nikaamua amepata duka la bei nafuu kule Kangemi. Nikanuna. Nikawa nampita mlangoni na salamu ya mbali. Kumbe muda wote huo mwanamke yule alikuwa hamezi chochote, na aliyemwachisha ni mtoto wangu.

Nilimwambia mtoto asiombee tena mtu maishani mwake, nikachukua mkoba wangu na mashine ya kupimia presha, ile ya mkononi niliyonunua kwa ajili ya mama mkwe, nikashuka ngazi mbio na soksi miguuni.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, dirisha wazi, redio inaimba nyimbo za injili. Nikamwomba radhi kwa kumfukuza, ingawa sikuwa na radhi yoyote moyoni, nikamwambia nataka kumpima tu.

"Pima, mwanangu," akasema akicheka. "Pima uone kazi ya Mungu."

Mashine ilibana mkono wake, ikahema, ikatoa namba. Nikaondoa, nikapima mkono mwingine. Ilikuwa namba ambayo sisi dukani tukiiona hatuuzi dawa. Tunaita gari.

"Mama, kichwa hakikuumi?"

"Inagonga kidogo tu. Hapa nyuma."

"Na macho?"

Akatabasamu kwa siri. "Macho naona vitu zinang'aa. Nikigeuka hivi, naona nyota nyota. Hiyo ni utukufu, daktari. Tangu mtoto aniombee naona utukufu."

Ninauza dawa, si daktari, lakini hilo la nyota nalijua. Mwanamke ananitazama kwa furaha, ananieleza dalili za mtu ambaye wakati wowote anaweza kuanguka upande mmoja wa mwili na asiinuke tena, na yeye anaziita utukufu. Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia mama, hii si afya, hii ni hatari, meza hizi sasa hivi na tuende hospitali. Nilikuwa na dawa zake mkobani. Pakiti moja ilikuwa imebaki kutoka mwezi ule alioacha, na sikuwa nimeirudisha dukani kwa sababu ya kununa kwangu.

Akaisukuma pakiti pembeni taratibu, kama mtu anavyokataa chai.

"Hapana."

Nilimwita mume wangu, akatoka kazini na overoli yake, akaja kwa pikipiki. Alipiga magoti mbele ya shosho, akambembeleza kwa lugha ya kwao, maana wote ni wa magharibi. Shosho akamshika kidevu kwa upendo na kukataa. Tukampigia mwanawe aliyeko kule nyumbani, akatuambia mama yake hajawahi kumsikiliza mtu tangu yeye azaliwe. Tukampigia mchungaji, msaidizi akapokea, akasema yuko kwenye mkutano wa injili nje ya mji na simu hashiki. Mimi nikapandisha sauti. Nikasema mambo ambayo mtu hasemi kwa mama wa umri ule. Yeye akaongeza sauti ya redio.

"Wewe nisikize," akaniambia mwishowe, na sasa hakuwa anacheka. "Nikimeza hiyo kitu, nimemwambia Mungu ni muongo. Na nimemwambia msichana wako ni muongo. Wewe unataka hivyo?"

"Mama, huyo ni mtoto! Ni wa gredi ya tatu! Hajui hata kufunga kamba ya viatu!"

"Mungu alianza kuita watoto kabla hujazaliwa. Kama yeye mwenyewe ataniambia vingine, sawa. Lakini si wewe."

Alipomaliza kusema akajishika kisogo, akafumba macho, na uso wake ukabadilika rangi. Mume wangu alinitazama. Sote wawili tulikuwa tumeelewa, na nilimchukia kwa kuelewa kabla sijawa tayari.

"Mlete mtoto," akasema.

"Nimemwambia sasa hivi asiombee tena mtu maishani mwake."

"Mlete."

Nilipanda ngazi. Nikamkuta amekaa pale pale nilipomwacha, leso ameikunja vizuri juu ya mkono wa kochi. Nilimshika mkono, tukaanza kushuka. Nilikuwa na haraka, nilikuwa naogopa kwamba tukifika tutamkuta shosho sakafuni. Nikamwambia: shosho ni mgonjwa sana, nenda umwambie ameze dawa zake na aingie kwenye gari twende hospitali.

Alisimama. Alikuwa kidato kimoja juu yangu, macho yetu yakawa sawa.

"Nimwambie mimi, ama nimwambie Mungu amesema?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo. Nilijua kwamba jibu la mama mwema ni moja, na nilijua pia kwamba jibu hilo litamuua shosho. Nje nilisikia gari la teksi tulilolipigia simu likipiga honi getini.

"Mwambie Mungu amesema," nikasema.

Alifikiri. Akafumba macho pale pale ngazini, midomo imebana, akangoja. Mimi nilisimama namngoja anayengoja. Akafumbua.

"Mum, lakini hajasema kitu."

"Mimi ndiyo nasema! Twende!"

Nilimvuta. Sikumbuki kumvuta mtoto wangu namna hiyo siku nyingine yoyote.

Ndani kwa shosho mtoto hakutaka leso wala kigoda. Alisimama kando ya kiti, mdogo, miguu pekupeku, mikono ameishikanisha nyuma. Shosho akafumbua macho, akamwona, na uso wake wote ukalegea kwa kuamini. Akajaribu kushuka apige magoti. Mume wangu akamzuia.

"Shosho," mtoto akasema. Haikuwa ile sauti nzito. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, tena ndogo kuliko siku zote, na alikuwa akitazama sakafu. "Mungu amesema umeze dawa. Na uende hospitali."

Redio ilikuwa inaimba. Nilidhani shosho atagundua. Mimi ningegundua, hata kipofu angegundua kwamba mtoto yule anasoma maneno aliyopewa.

"Amesema lini?"

Mtoto akageuza kichwa, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kidogo tu, kumwambia aendelee.

"Sasa hivi," akasema. "Kwa ngazi."

Shosho alinyoosha mkono. Sikuamini macho yangu. Mwanamke aliyewashinda mume wangu, mwanawe, mimi na mashine yangu alipokea vidonge kutoka kiganja cha mtoto wa miaka minane, akavimeza kwa maji ya bomba, akafuta mdomo kwa kanga. "Amina," akasema, na akaomba apewe sweta lake.

Alilazwa. Waliotupokea hospitalini walipomtazama hawakutuambia tukae kwenye benchi, walikimbia naye. Alirudi nyumbani baadaye akitembea kwa miguu yake, na hadi leo bado anagombana na wauza maji. Dawa anameza kila asubuhi. Akiulizwa na mtu yeyote, husema Mungu ndiye aliyemwagiza, kupitia yule mtoto wa juu. Mimi nimekatazwa na mume wangu kutia neno. Binti yangu alinunuliwa viatu vya magurudumu na baba yake, na biashara ya paa inaendelea. Sebuleni kwangu hakuna tena anayevua viatu.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, pale getini, mume wangu alikuwa anamsaidia shosho kuingia kwenye gari. Shosho akamsimamisha. Akaingiza mkono kifuani, akatoa noti iliyokunjwa, akamwekea mtoto kiganjani na kumfungia vidole. "Mbegu," akasema. Mtoto hakusema asante, jambo ambalo si kawaida yake. Alisubiri mpaka mlango wa gari ufungwe. Mimi nilikuwa nazunguka upande wa pili niingie, nikahisi mtu ananivuta sketi.

"Hii ni yako, mum."

"Yangu kwa nini? Si wewe umepewa?"

Alinibandika noti mkononi kama kitu kichafu alichookota.

"Zile zingine zote nilikuwa nangoja mpaka aniambie," akasema. "Hii ni wewe uliniambia."

Kisha akarudi ndani ya geti na kuanza kupanda ngazi, akiokota nyanya zangu moja moja.